Anayesimama Pembeni ya Jukwaa

Watu wengi hudhani kwamba maswali ya uadilifu ni ya mahakimu, viongozi na wafanyabiashara, na kwamba mtu wa michezo ya kuigiza hana kazi nyingine ila kuchekesha na kuliza. Mimi sioni hivyo. Kadiri miaka inavyokwenda, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba ndani ya kazi ya maigizo limejificha swali ambalo kila mwenye mamlaka, awe baba wa nyumba au mkuu wa nchi, angefaa kuulizwa. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu, akaacha, akasogea pembeni na kuwaelekeza wengine waseme na walie, je, huyo amejishusha au amejikweza?

Hapa kwetu Igogo jibu la haraka ni kwamba amekwisha. Mwigizaji akionekana leo na kesho, akitajwa redioni, akipita katika Barabara ya Kenyatta watoto wanamfuata wakiliita jina la mhusika aliyemwigiza. Asipoonekana mwaka mmoja, watu husema, "Yule siku hizi hana kitu, amebaki kufundisha wenzake." Wanasema kana kwamba kufundisha ni mabaki ya kazi. Nimewahi kulisikia neno hilo kwa wauza samaki, nikalisikia tena kwa watu waliosoma sana. Wote hupima mtu kwa kuonekana.

Wapo wengine, nao ni wachache, wasemao kinyume. Kwao mwongozaji ni mtu mnyenyekevu, kwa kuwa makofi amewaachia wengine. Yeye hubaki gizani, wenzake wakiwa katika mwanga. Jibu hili ni tamu zaidi, lakini nalo nalitilia shaka. Mtu anayeamua nani aingie na nani atoke, nani aseme na nani anyamaze, hata kama uso wake hauonekani, huwezi kumwita mnyonge. Mara nyingi asiyeonekana ndiye mwenye nguvu kuliko wote waliopo. Tunaoishi kando ya viwanda vya samaki tunalijua jambo hilo bila kufundishwa: msimamizi tunamwona kila siku, mwenye mali hatumjui hata sura.

Kabla ya kuendelea, ndugu msomaji, naomba tuangalie jinsi wazee wa Usukuma walivyolitatua swali hili, maana wao walikuwa na waongozaji wao zamani sana. Ngoma za Wasukuma zimegawanyika katika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, na asili ya mgawanyiko huo husimuliwa kuwa ni mashindano ya watu wawili wa karne ya 19. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi Juni, pande hizo hushindana. Kundi hili hucheza upande huu wa uwanja, kundi lile upande ule, kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mwenye kalamu. Watazamaji wenyewe hukimbilia wanakovutiwa, na kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda. Ndiyo maana wengine wakabuni kucheza na majembe, wengine na nungunungu, wengine na chatu. Kila mmoja alitafuta kitu cha kuwavuta watu waache upande wa pili.

Sasa mtazame manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Nyimbo ni zake, mpangilio ni wake, hata dawa ya mvuto inayosemwa kuwa imefukiwa uwanjani ni yake. Kwa kila hali yeye ni mwongozaji. Lakini hasimami pembeni. Yuko mbele ya wachezaji wake, jasho linamtoka pamoja nao, na watu wakihama kwenda upande wa pili wanamwacha yeye kwanza. Aibu humpata usoni, mchana, mbele ya wakwe zake. Wazee walifunga mamlaka na aibu katika kamba moja, na aliyetaka moja alilazimika kubeba na la pili.

Mwongozaji wa jukwaa la kisasa amefunguliwa kamba hiyo. Mchezo ukipooza, anayezomewa ni mwigizaji. Mchezo ukipendwa, wenye akili huuliza jina la mwongozaji. Ni kazi ya ajabu ambayo faida yake inaweza kukufuata ulikojificha na hasara yake ikamwangukia mwingine. Kwa hiyo swali langu la mwanzo halihusu unyenyekevu tu. Linahusu deni. Mtu anayesimama pembeni anadaiwa nini na wale aliowasukuma mbele?

Mwanza tulipata mfano mkubwa wa deni hilo. Filamu inayojulikana duniani kwa jina la Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper, ilipigwa katika mji huu na kando ya ziwa, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, kisha ikateuliwa kushindania tuzo ya Oscar. Ilihusu sangara, ndege za mizigo na maisha ya watu wetu. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na watu wakaandamana hapa mjini kuipinga. Sitaki kuamua hapa kama ilisema kweli au haikusema. Hilo limeshabishaniwa vya kutosha. Ninalotaka kulisema ni kwamba, mabishano yalipowaka, waliokuwa karibu na moto walikuwa ni watu walioonekana ndani yake. Mwandishi wa habari mmoja aliyezungumza katika filamu hiyo alisumbuliwa mpaka uraia wake ukatiliwa shaka. Mpiga picha huondoka na picha, aliyepigwa picha hubaki na majirani. Hata ukiamini kwamba filamu ile ilikuwa na nia njema kabisa, deni hilo halifutiki.

Basi yuko nani aliyesimama pembeni na akalipa? Nikiulizwa hivyo, wa kwanza kumtaja ni Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huyu ameshika pande zote za kazi hii: ameigiza jukwaani na katika filamu, ametunga, ameongoza michezo, amefundisha. Mwaka 1980 ilichapishwa tamthilia yake ya Hawala ya Fedha, aliyoijenga juu ya hadithi ya Ousmane Sembène wa Senegali, kuhusu mtu anayetumiwa fedha na kushindwa kuzitoa kwa sababu ya urasimu wa vitambulisho na ujanja wa watu. Mwaka 1982 ikatoka Harakati za Ukombozi, aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Mwaka 1992 ikafuata Mkutano wa Pili wa Ndege. Katikati ya hayo alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1985, kwa utafiti juu ya siasa na sanaa za maonyesho Tanzania baada ya Azimio la Arusha.

Vyeo na vitabu si hoja yangu. Hoja yangu ni alichokifanya na mamlaka aliyoyapata. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye, Penina Muhando Mlama na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, wilayani Kwimba, huku huku mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo mkononi ili wanakijiji wautazame na kupiga makofi. Walikwenda kukaa na watu, kuuliza ni mambo gani yanayowakera, kuyachambua pamoja nao, kisha wanakijiji wenyewe wakayatungia michezo na ngoma, wakayaonyesha, na baada ya maonyesho wakakaa kujadiliana nini kifanyike. Njia hiyo baadaye ilitumika katika vijiji vingine vya nchi yetu, na Penina Mlama ameieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1991.

Fikiri uzito wa jambo hilo. Mwigizaji anapokuwa mwongozaji, huwa ameacha jukwaa mara moja. Hawa waliliacha mara mbili. Kwanza waliacha kuonekana, kisha wakaacha hata kuamua nini kionekane. Mkulima wa pamba aliyekuwa mtazamaji akawa mtunzi, mwigizaji na mwongozaji wa shida zake mwenyewe. Augusto Boal wa Brazili alikuwa ameandika juu ya wazo la namna hiyo katika miaka ya 1970, kwamba mtazamaji apewe nafasi ya kuingia jukwaani na kuugeuza mchezo. Kwetu Usukumani wazo hilo halikuwa geni sana, maana mahali ambapo miguu ya watazamaji ndiyo huamua mshindi, mtazamaji hajawahi kuwa mtu wa kukaa kimya.

Mwaka 1996 ulianza mpango wa TUSEME katika shule za sekondari, ambao Lihamba na Mlama walikuwa waasisi wake. Jina lenyewe linajieleza. Wasichana walifundishwa kutumia maigizo, nyimbo na majadiliano kuyataja mambo yanayowakwamisha shuleni, ambayo mila na woga viliwafanya wayameze. Mpango ule ulivuka mipaka ukaenda katika nchi nyingine za Afrika.

Na hapa ndipo ninapoona jambo ambalo limenifikirisha kwa muda mrefu. Mwaka 2001 ilitoka filamu ya Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania tuzo ya Oscar. Lihamba aliigiza ndani yake. Mama huyu aliyetumia nguvu zake kuwawezesha wengine waseme, aliyekuwa na uwezo wa kukaa nyuma na kuelekeza, alisimama mbele ya kamera na kumwigiza Samehe, mgonjwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ambaye kwa miaka ishirini hajatamka neno. Maumivu ya utotoni yamemfunga ulimi. Mwenye kuwafundisha wenzake kusema alijivika ububu mwenyewe, akaubeba kwa mwili wake, chini ya maelekezo ya watu wengine.

Sijui aliwaza nini alipoikubali nafasi hiyo, wala si kazi yangu kumsemea. Lakini tendo lenyewe naliona lina fundisho. Wahenga walisema kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake. Mwongozaji anayerudi jukwaani, hasa katika nafasi ngumu, anarudi kulala kitandani ili asisahau kunguni. Anakumbuka jinsi inavyokuwa mtu mwingine anapokuambia, "Rudia. Lia tena. Safari hii polepole." Anakumbuka kwamba chozi la maigizo nalo hutoka katika jicho la kweli, na kwamba moyo haujui vizuri tofauti ya msiba wa kuigiza na msiba wa kukumbuka.

Hata hivyo, hapa panahitaji tahadhari. Wapo watakaosema kwamba basi shida imekwisha: waongozaji wote wawe wamewahi kuigiza, na haki itatendeka. La hasha. Kuyajua maumivu si dawa ya kutosha. Tazama shuleni. Mwalimu mkali kuliko wote mara nyingi ndiye aliyechapwa kuliko wote, na ukimuuliza atakujibu, "Hata mimi nilichapwa, mbona sikufa?" Tazama kwenye mitumbwi ya uvuvi, jinsi kijana aliyeteswa na tajiri wake anavyowatesa wengine siku anapopata nyavu zake. Uzoefu wa kuumia unaweza kumfanya mtu awe na huruma, na unaweza kumfanya aone kwamba ni zamu yake kuumiza. Kwa hiyo kuwahi kukilalia kitanda ni mwanzo tu. Lazima kiwepo kitu cha pili.

Kitu hicho cha pili naona ni kukubali kubaki pale ambapo hatari ipo. Katika Uganda ya Idi Amin neno lililosemwa jukwaani lingeweza kumwua aliyelisema. Robert Serumaga, ambaye alikuwa mwigizaji, mtunzi na mwongozaji, aliunda kundi la Abafumi, na katika miaka hiyo kazi zake zikaegemea zaidi ngoma, mwili na sauti kuliko maneno. Wengi wameliona hilo kuwa ni werevu wa kisanaa, nami nakubali, lakini naliona pia kuwa ni namna ya kuwatunza wachezaji: usimpe mwenzako sentensi itakayomnyonga. Serumaga alifariki Nairobi mwaka 1980. Mwenzake, Byron Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Kampala, alipeleka mchezo wake katika tamasha la FESTAC jijini Lagos mapema mwaka 1977. Aliporudi nyumbani aliuawa mwaka huo huo. Yeye hakuwa na mahali pembeni pa kujificha, na hasira ya watawala ilipokuja ilimkuta yeye.

Mwaka huo huo wa 1977, kule Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulioongozwa na Kimani Gecau. Wanakijiji waliusahihisha mchezo wakati wa mazoezi, wakajenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Serikali iliupiga marufuku. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwisho wa mwaka akawekwa kizuizini mpaka Desemba 1978, na mwaka 1982 ukumbi ule ulibomolewa. Jina la Ngũgĩ lilijulikana dunia nzima mpaka alipofariki mwezi Mei 2025. Wale akina mama na vibarua walioigiza, wengi wetu hatuwezi kumtaja hata mmoja. Silisemi kwa kumlaumu mwandishi, ambaye alilipa kwa uhuru wake. Nalisema ili tuone kwamba hata pale ambapo kila mtu ametenda haki, kumbukumbu ya watu haigawi sawa.

Ebrahim Hussein alilielewa jambo hili zamani. Tamthilia yake ya Kinjeketile, ya mwaka 1969, pamoja na kuwa ni habari ya Vita vya Maji Maji, ni habari ya mtu aliyewapa wenzake neno, kisha neno likamzidi nguvu, na waliokwenda nalo mbele ya risasi wakawa ni wengine. Naona kila mwongozaji ni Kinjeketile mdogo. Neno lake hutembea kwa miguu ya watu wengine.

Naomba sasa niseme la kwangu, maana nisingekuwa na haki ya kuandika yote haya kama nisingewahi kuguswa nayo. Mimi ni mwalimu niliyestaafu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia vijana wa hapa Igogo katika kikundi chao cha maigizo. Hatuna ukumbi. Tunafanyia mazoezi juu ya jiwe bapa, katikati ya nyumba zilizoning'inia mlimani, na mvua ikinyesha tunahamia kwenye baraza ya jirani. Kutoka pale juu ziwa linaonekana, pamoja na bandari ya kusini na mapaa ya viwanda. Watazamaji wetu ni mama zao, wauza dagaa, watoto, na wapita njia waliochoka kupanda mlima.

Ndani ya kikundi alikuwamo binti wa miaka kama ishirini aliyewahi kuwa kibarua katika kiwanda kimoja, na akaacha kwa sababu ya msimamizi aliyetaka kwake zaidi ya kazi. Vijana walipoamua kutunga mchezo juu ya maisha ya vibarua, habari hiyo ikawa ndiyo uti wa mchezo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeileta. Mchezo ulikuwa bado haujakamilika walipotutembelea wageni wa shirika moja waliosema wangependa kutusaidia kwa vifaa na nauli ili tuzunguke wilaya jirani. Walitazama mazoezi, wakafurahi. Kisha mmoja wao akaniita kando. Akasema mchezo ni mzuri, lakini ungekuwa na nguvu zaidi kama binti yule angejiigiza mwenyewe, na mwishoni avue uhusika, aseme mbele ya watu kwamba haya yalinipata mimi. "Mkimpata alie," aliniambia, "hakuna atakayesahau."

Alikuwa anasema kweli. Hakuna ambaye angesahau. Na vifaa tulivihitaji, maana tulikuwa tunatumia ndoo kwa ngoma. Lakini nilijiuliza: watu wasiposahau, atakayekuwa anakumbukwa ni nani? Wageni wangerudi walikotoka. Mimi ningebaki mwalimu mstaafu aliyeleta mradi. Yeye angebaki akiteka maji kwenye bomba lile lile, pamoja na wale wale, akiwa sasa ni msichana wa habari ile. Na siku atakapochumbiwa, habari ingefika ukweni kabla ya barua ya posa.

Nilimweleza neno kwa neno lile niliyoambiwa, pamoja na habari ya vifaa, kwa sababu niliona kumficha ni kumwamulia. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Mwalimu, wewe unatakaje?" Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nataka mchezo uwe mzuri. Ndiyo maana nisiulizwe mimi." Siku mbili baadaye alikuja na jibu ambalo sikulitarajia. Alisema kibarua aigizwe na mtu mwingine. Yeye anataka kuwa msimamizi.

Na akawa msimamizi. Alivaa koti jeupe na buti za mpira, akatembea kati ya wenzake mikono ikiwa nyuma, akainamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza, akasema maneno yale kwa sauti ya upole ambayo ndiyo ilikuwa sauti ya mtu yule. Sisi tuliokuwa tumeandika msimamizi mwenye kufoka tukaona aibu kwa ujinga wetu. Watu waliotazama walicheka mwanzoni, kisha kicheko kikakatika. Baada ya mchezo mama mmoja muuza samaki alisimama, akasema, "Huyo namfahamu, ila alikuwa na jina lingine." Wengine wakaanza kusema. Hakuna aliyemwuliza binti chochote kuhusu yeye mwenyewe. Alikuwa amesema yote, na siri yake ameondoka nayo.

Wale wageni hawakurudi. Sikuwalaumu sana, kwa maana nao wana watu wanaowaelekeza kutoka mbali, ambao hawajapanda mlima wetu. Vijana wengine wa kikundi walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika, kwa kuwa waliokosa vifaa ni wao wote na si yeye peke yake. Hapo ndipo niliposhikwa na swali ambalo mpaka leo sijalimaliza: je, mmoja anaweza kunyima kundi riziki ili kuilinda heshima yake? Nadhani anaweza, kwa sababu heshima ni yake na riziki ilikuwa bado ya watu wengine. Lakini najua kwamba mtu mwenye njaa zaidi yangu angeweza kujibu vingine, na nisingekuwa na ujasiri wa kumkatalia.

Siku hizi yule binti haigizi sana. Anawaongoza wadogo. Nimemwona akimwambia mtoto wa darasa la saba, "Usilie kama hutaki. Nionyeshe mikono yako tu." Watu wa mtaani wanasema amekwisha, siku hizi amebaki kufundisha.

Konstantin Stanislavski wa Urusi, ambaye vitabu vyake husomwa na kila mwanafunzi wa uigizaji, alikuwa mwigizaji hodari kabla na baada ya kuanza kuongoza. Mwaka 1928 moyo ulimshika akiwa jukwaani. Hakuigiza tena, na miaka kumi iliyobaki ya uhai wake aliitumia kuelekeza na kufundisha. Yeye aliondolewa mbele ya watu na mwili wake. Wengine huondolewa na umri, wengine na ndoa, wengine na kusahauliwa. Wachache huondoka kwa hiari wakati bado wanapigiwa makofi. Nilikuwa nikidhani kwamba hawa wa mwisho ndio wenye sifa. Sasa naona namna mtu anavyoondoka si jambo kubwa. Jambo kubwa ni anachokifanya na wale aliowaacha pale mbele.

Maana sote, ndugu msomaji, tutafika pembeni. Mzazi hufika siku ambayo mtoto ndiye anayeonekana na yeye ni wa kuelekeza tu. Fundi hufika, mwalimu hufika, kiongozi naye hufika hata akikataa. Siku hiyo tutakuwa na maneno mengi ya kuwapa wengine wayaseme, na majaribu ya kuwatuma mahali ambapo sisi hatuendi tena. Mtu akitaka kujua kama amejishusha au amejikweza, asitazame kama anaonekana au haonekani. Ajiulize maswali mawili. Je, yule niliyemsukuma mbele alikuwa na nafasi ya kusema hapana, na angesema, bado ningempenda? Na je, watu wakianza kuzomea, nitasogea karibu naye, au nitarudi nyuma zaidi gizani?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Walimsema anayecheza. Naamini kwamba neno hilo lina upande wa pili ambao hawakuutamka kwa kuwa kwao ulikuwa wazi: anayemchezesha mwenzake ndiye wa kwanza kupaswa kumtunza.